Papa Hamlipi Fundi

Papa mmoja wa mtaani kwetu Kalemie ameapa: fundi hamlipi. Ufa ulioachwa ukutani kwake na tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005 anaupaka chokaa kila mwaka, na kila mwaka unacheka upya. Mabati anayapigilia mwenyewe, msumari bondeni badala ya mgongoni, halafu anailaumu mvua kwa kuingia bila hodi. Mama watoto haongei siku hizi. Anapanga masufuria tu, anajua lipi litajaa kwanza.

Ziwa lilipopanda mwaka 2024, papa alijenga ukuta wa kulizuia. Tanganyika hiyo, yenye kina cha zaidi ya mita 1,400, ambayo mlango wake pekee wa kutokea ni mto Lukuga, hapa hapa kwetu. Yeye alihesabu matofali arobaini, tena mabichi, maana ya kuchoma ni bei. Kufikia asubuhi yalikuwa udongo, kama yalivyozaliwa.

“Simenti ya siku hizi,” akasema. Simenti hakutia hata koleo moja.

Juzi kanunua tindo. Sisi majirani tunaoshirikiana naye ukuta tumeanza kuhamisha vyombo.