Pongezi kwa Waliomfundisha Askari Kuhesabu Hofu Zake

Kwa Wakuu,
Idara ya Masuala ya Wanajeshi Wastaafu,
Washington, Marekani.

Waheshimiwa,

YAH: PONGEZI KWA UTARATIBU WENU WA MAFAO YA KIWEWE CHA VITA

Tafadhali husikeni na kichwa cha barua tajwa hapo juu.

Mimi ni karani mstaafu wa masjala, na "njoo kesho" naijua kwa ladha zake zote. Wazee wetu waliotumikia Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977, walipigwa danadana ya mafao kwa miongo, nikadhani kwa fani hii mabingwa ni sisi. Kisha nikasoma kanuni zenu. Nawavulia kofia. Sisi tulimzungusha mtu mwenye akili zake timamu. Ninyi mnamzungusha mtu ambaye ugonjwa wenyewe ndio unaomzuia kukaa kwenye foleni.

Nianze na ngazi zenu za kupima ukali wa ugonjwa: asilimia 0, 10, 30, 50, 70 na 100. Askari anayeshikwa na hofu ya ghafla, ile ya jasho na moyo kwenda mbio, mara moja kwa wiki au pungufu, mmemweka kwenye asilimia 30. Ikizidi mara moja, 50. Mwenye busara ataweka daftari kando ya kitanda, na hofu ikimjia Jumapili usiku aangalie kwanza saa kabla ya kupiga kelele, ajue inaingia hesabu ya wiki ipi.

Asilimia 50 hiyo hiyo inamtaja pia mtu anayesahau kukamilisha kazi aliyoianza. Hapa nilicheka peke yangu. Mtu huyo mnampa fomu ya kueleza tukio lililomtisha, miadi ya kupimwa, na mwaka mmoja wa kukata rufaa akinyimwa. Akikamilisha vyote kwa wakati, sijui mpimaji atamwandikaje. Na juu kabisa, kwenye 100, yumo asiyekumbuka jina lake mwenyewe. Fomu nayo inataka jina kamili. Najua wanasheria wenu watasema hiyo ni mifano tu ya dalili, si masharti. Karani hodari hakosi sentensi kama hiyo kwenye droo.

Uvumilivu wenu nao si wa jana. Vita vya Vietnam viliisha mwaka 1975, na chama cha madaktari wa akili wa Marekani kikaingiza jina la ugonjwa huu katika mwongozo wake mwaka 1980. Aliyerudi nyumbani 1968 aliumwa miaka 12 kitu kisicho na jina, akiitwa mlevi na mkorofi. Wengine ukorofi uliwaanza wangali kambini, wakatimuliwa na cheti kibaya, na cheti kibaya kinaweza kumfungia mtu mlango wa mafao. Ugonjwa unazaa kosa, kosa linafuta haki ya kutibiwa ugonjwa. Ni mwaka 2014 ndipo waziri wa ulinzi, Chuck Hagel, alipoagiza bodi za jeshi ziwatazame askari hao wa Vietnam kwa jicho la huruma. Haraka ya nini?

Kwenye ushahidi ndipo mlipofikia usanii. Hadi Julai 2010, mpishi au dereva ambaye karatasi zake hazikuonyesha kwamba alipigana alitakiwa alete uthibitisho mwingine wa tukio: kumbukumbu za kikosi, au mwenzake aliyeshuhudia. Tatizo la shahidi aliyekuwa karibu zaidi na bomu mnalijua. Mwaka huo mkalegeza. Neno la askari aliyehofia maisha yake litatosha, likioana na mahali alipotumikia, mradi daktari wenu, au wa mkataba wenu, aafiki. Daktari aliyemtibu miaka yote hatoshi. Huyo amemzoea mgonjwa, na mazoea huharibu kazi.

Wataalamu wenu wana nidhamu pia. Mwaka 2008 ilivuja barua pepe kutoka kituo chenu cha Temple, Texas, ikishauri kiwewe kisitajwe moja kwa moja, bali lifikiriwe tatizo jepesi la mtu kushindwa kuzoea mabadiliko, kwa kuwa wanaotaka fidia wanaongezeka. Waziri wenu akasema hiyo si sera ya idara. Naam.

Lakini moyo wa karani uko kwenye mafaili, na hapa nakiri wivu. Julai 1973 moto uliwaka katika kituo cha kumbukumbu za wanajeshi karibu na St. Louis, yakaungua mafaili ya utumishi kati ya milioni 16 na 18, na nakala hazikuwekwa. Mzee wa vita vya Korea aliyefuata karatasi zake pale huenda alifuata majivu. Mwaka 2012 mkaguzi wenu alikuta katika ofisi yenu ya Winston-Salem mafaili yapatayo 37,000 yamerundikwa juu ya makabati, uzito ukazidi uwezo wa sakafu ya jengo. Machi 2013 maombi yaliyovuka siku 125 bila uamuzi yalizidi 600,000. Sisi tulikuwa na mchwa na panya tu. Kuhatarisha sakafu hatukuwahi kuota.

Nina pendekezo moja. Tarehe 1 Desemba 1969 serikali yenu ilifanya bahati nasibu ya kuwapata vijana wa kwenda vitani. Vidonge 366, kila kimoja na tarehe ya kuzaliwa ndani yake, vilitiwa kwenye chombo cha kioo na kuchotwa mbele ya kamera za televisheni. Cha kwanza kilitoka na 14 Septemba. Kijana aliyezaliwa siku hiyo hakutakiwa kuleta shahidi wala kuthibitisha kwa maandishi kwamba anastahili kutumwa. Tarehe ya kuzaliwa ilitosha.

Utaratibu ule ulikuwa mwepesi, na nina hakika chombo kile bado kipo mahali fulani. Kitoeni. Anayedai kiwewe ataje alikotumwa na tarehe aliyozaliwa, alipwe, na anayetaka kumkatalia ndiye ajaze fomu, atafute mashahidi na kungoja miadi ya daktari.

Nasubiri majibu. Ikifika siku ya 126 nitaelewa kwamba nami nimekwisha kupokelewa rasmi.

Wenu mtiifu,
Karani Mstaafu wa Masjala

Nakala: Faili (likipatikana).