Sifa za Mdaiwa Mwaminifu

Nasimama kukisifu kijisanduku kinachochomoza kwenye skrini ya kompyuta yangu ya nyumbani saa nne usiku, nikiwa ukurasa wa tisa wa kazi inayotakiwa asubuhi, kunitaarifu kwa adabu zote kwamba kumbukumbu pepe inakaribia kwisha.

Kwanza, kina nasaba. Mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, kilizindua kompyuta iitwayo Atlas, yenye kumbukumbu ndogo ya kasi na ngoma ya sumaku inayozunguka pembeni. Kurasa za kumbukumbu zisizo na kazi zilipelekwa kwenye ngoma, zikihitajika zikarudishwa, na programu yenyewe haikujua kwamba imehamishwa. Pili, kinafundisha subira. Tatu, kinaokoa bando, maana hakuna kinachofunguka.

Lakini fadhila yake kuu ni uaminifu katika deni. Jirani yangu akikopa kilo ya sukari kwa Mangi mwenye duka, hubadili njia mwezi mzima. Kompyuta haibadili njia. RAM, yaani kumbukumbu yake ya kasi, ikijaa, inakwenda kukopa nafasi kwenye diski, na kila inachokopa inakiandika kwenye faili moja kubwa lililofichwa, kama daftari la Mangi chini ya kaunta. Riba inailipa papo hapo, kwa muda: RAM hujibu kwa sehemu za bilioni za sekunde, diski ya kuzunguka kwa sehemu za elfu. Taa inapepesa, diski inakoroma. Deni likizidi, inakopa huku ikalipe kule, kama mama aliyebanwa na mikopo ya kausha damu, hadi usiku unakwisha kwa kubeba kurasa kwenda na kurudi bila kazi yoyote kufanyika. Hata hapo haihami mji wala haizimi simu. Inapiga hodi yenyewe: bosi, nimeelemewa, funga kitu. Vikoba vingepata wanachama kumi wa namna hii, mweka hazina angelala usingizi.

Nikaona mdaiwa wa hivi anastahili kusaidiwa. Fundi wa mtaani alivilaumu virusi, akapiga Windows upya, akachukua chake. Wiki mbili baadaye kijisanduku kikarudi kunisalimu. Nikashika kanuni ya mafundi wa zamani: daftari lianzie mara moja na nusu ya RAM, lisizidi mara tatu. Nina GB 4, kwa hiyo nikaandika MB 6144 na 12288. Diski ikagoma. Ilikuwa imejaa video za harusi za ukoo. Nikafuta harusi mbili, ambazo ndoa zake zilikwisha kuvunjika, na daftari likapata pa kukaa.

Halafu juzi kijisanduku kikaondoka na kurasa tisa za kazi yangu. Tisa! Sikuwa nimehifadhi hata... Basi, sifa zisubiri kidogo, tuulize kwanza nani anayeisababishia kompyuta madeni haya.

Windows 95 iliridhika na MB 4 za RAM. Windows 11 inadai GB 4, yaani mara 1,024, na hapo hujafungua programu yako hata moja. Barua ya kuomba likizo haijarefuka mara 1,024. Bosi anayeisoma hajawa mwelewa mara 1,024. Siku hizi kuna programu za kutumiana ujumbe ambazo kila moja imebeba kivinjari kizima tumboni, kwa kuwa hivyo ndivyo ilivyokuwa rahisi kwa aliyeitunga, na yeye mezani kwake ana RAM ya kumwaga. Urahisi wake naulipia mimi, kwa usiku wangu na umeme wangu. Ukilalamika, unaambiwa ununue mashine mpya. Watunzi hawa nao ni wakopaji, ila wao hukopa kwenye mashine ya mtu bila kuandika popote, na sijaona kijisanduku kinachowachomokea wao kuuliza watalipa lini.

Nimefunga vichupo vyote, nimehakiki tarakimu zangu, nimezima na kuwasha upya. Sijagusa kitufe bado. Programu tatu ambazo sikuziita zimekwisha kaa sebuleni, zinajinyoosha, na taa ya diski imeanza kupepesa. Mdaiwa wangu mwaminifu amefungua daftari, anaandika madeni ya wageni kwa jina lake.