Jinsi ya Kufuata Mwongozo Usioijua Kompyuta Yako

Mahitaji: laptop ya mtumba kutoka Kariakoo yenye Windows 10 na RAM ya GB 4, bando la usiku, yuniti za umeme wa Luku za kutosha, na meza yoyote iliyopo Mbagala, Tandika au Bunju jijini Dar es Salaam. Weka na moyo mgumu, maana masomo mengi ya kompyuta za wingu huandikwa na watu wa Mac na Linux wanaodhani wasomaji wote wanazo.

Soma amri kabla hujaikopi. Ukikuta export AWS_DEFAULT_REGION=af-south-1, yaani kanda ya Cape Town iliyofunguliwa mwaka 2020, ujue hiyo imeandikiwa Bash, dirisha la amri la watu wa Linux na Mac. Ukiibandika kwenye lile dirisha jeusi la CMD, inakataliwa. Huko tunaandika set badala ya export. Kwenye PowerShell tunaandika $env:AWS_DEFAULT_REGION="af-south-1". Kazi ni ileile kwa sura tatu, na mwandishi amekupa moja. Ni kama konda wa daladala anayeita Rangi Tatu, kisha anakushusha njiani, Mtoni Mtongani.

Penye maumivu hasa ni curl, amri ya kuvuta data kutoka mtandaoni. Mwongozo umesema uiandike, umeiandika, na PowerShell inakumwagia maandishi mekundu kuhusu Invoke-WebRequest, kitu ambacho wala hukukiita. Hujakosea hata herufi. Kwenye toleo la 5.1 la PowerShell, lile linalokuja na Windows, curl ni jina la utani la amri nyingine kabisa. Andika curl.exe, itapita. Neno hilo moja lingewekwa kwenye mwongozo tangu mwanzo, kijana wa Chamazi asingelala akiamini kwamba hana akili ya kompyuta. Hilo ndilo linaloniuma.

Upendeleo huu wa kuandikia mfumo mmoja hugeuka pia: baadhi ya kurasa za Azure, wingu la Microsoft, humtanguliza mtu wa PowerShell, na mwenye Ubuntu akabaki anahangaika.

Dawa nyepesi ni Git Bash. Inakuja bure pamoja na Git for Windows, na haili bando kama Ubuntu ya WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), ambayo peke yake ni mamia ya megabaiti. Ukikwama kabisa, fungua Cloud Shell, dirisha la amri la mtoa huduma wako wa wingu, kwenye kivinjari. Humo tayari ni Linux, mradi mtandao usikatike.

Ukishafaulu, usikae kimya. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice kwa Kiswahili bila kungoja kampuni kubwa itukumbuke. Leo nyaraka za Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye wingu, ziko wazi GitHub na yeyote anaweza kupendekeza marekebisho. Chukua ule mstari wa Windows uliokutoa jasho, uandike vizuri, uutume. Nawe unayeandika miongozo, ijaribu kila amri kwenye laptop ya GB 4 yenye Windows kabla hujaichapisha.