Mhadhara wa Diski Mbili Mbili

Mbele yenu amesimama bingwa wa mipango ya hifadhi ya data majumbani, cheo ambacho hakuna chuo kilichonitunuku, kwa kuwa hakuna chuo chenye uwezo wa kunitahini. Mada ni nzito kuliko inavyosikika: mwenye seva ndogo sebuleni, awe Bunju au Chamazi, azipange vipi diski zake? Nitathibitisha jambo moja tu, kwamba azipange mbili mbili. Watakaobisha nimewaandalia majibu kabla hawajafumbua midomo.

Wapo wanaouliza seva ya nyumbani ni ya nini, ilhali dunia nzima inahifadhi vitu vyake mtandaoni. Swali hilo huulizwa na watu wenye simtanki uani. Bomba lipo, bili inalipwa, na bado tangi limepandishwa juu ya mnara wa zege, kwa sababu mwenye nyumba anajua kuwa bomba ni ahadi na tangi ndiyo maji. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, intaneti ya Tanzania ikazorota, na picha za harusi zilizotunzwa ng'ambo zikabaki huko huko ng'ambo. Ndiyo maana kundi la diski zinazofanya kazi kama chombo kimoja, ambalo wenzetu wa nje huliita bwawa, mimi kwa mamlaka niliyojipa naliita tangi.

Sasa hesabu. Chukua diski nne za terabaiti 4. Wenye tamaa huziunga zote kundi moja, nafasi ya diski moja ikibeba pariti, yaani hesabu ya kufidia kitakachopotea, nao hubaki na terabaiti 12. Mpango wangu ni jozi mbili, kila diski na pacha wake. Kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule, na unabaki na terabaiti 8. Mbishi wa kwanza amekwisha simama: nne nyingine zimeliwa na nani? Amelipwa mlinzi wa usiku, ndugu yangu, na mshahara wake ni halali. Diski moja ikifa, mbadala wake hunakili kutoka kwa pacha mmoja tu. Kwa mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde, terabaiti 4 zilizojaa huchukua kama saa saba na nusu. Kwenye pariti moja, diski zote tatu zilizobaki husomwa ili kukokotoa kilichopotea, na hakuna ruhusa ya yeyote kuteleza, maana mlinzi tayari yuko kaburini. Na umeme wa kukatika? Kusema kweli ZFS, mfumo wa kupanga diski uliozaliwa Sun Microsystems na kufunguliwa kwa umma mwaka 2005, hauandiki juu ya data ya zamani kabla ya mpya kukamilika, hivyo umeme ukikatika katikati, ya zamani ipo salama. Lakini ZFS haiizuii mota ya diski kuungua umeme unaporudi kwa kishindo na watoto wa mtaa mzima wakipiga kelele za furaha. Kwa hiyo UPS, kifaa cha akiba ya umeme, ni sehemu ya mpango, si pambo.

Mbishi wa pili ni msomi. Anasema pariti mbili nazo huacha terabaiti 8, na huvumilia vifo vya diski zozote mbili, wakati jozi yangu ikifiwa na mapacha wote wawili tangi zima limekwenda. Nakiri, na katibu aandike saa. Ila msomi huyu amepanga kana kwamba fedha huja zote kwa pamoja. Temeke na Kinondoni hazikujengwa hivyo. Mtu huanza na chumba na sebule uani. Tofali za nyumba kubwa hulala chini hata miaka, msingi unasubiri mchezo wa mwezi ujao. Jozi hukua kwa mwendo huo huo: ukipata kitu, unaongeza diski mbili. Kundi la pariti la ZFS halikuweza kuongezwa diski moja moja mpaka toleo la OpenZFS 2.3 la Januari 2025, na hata sasa data ya zamani hubaki na mgawo wake wa zamani hadi iandikwe upya.

Kuhusu ununuzi, nasema kwa ufupi wa kifalme. Mapacha wa jozi wasitoke boksi moja, kwa sababu waliozaliwa pamoja wana tabia ya kufa pamoja. Diski ya mtumba kutoka Kariakoo isomwe kwanza saa ilizofanya kazi, kama unavyosoma kilomita za gari. Tena epuka diski za SMR, ambazo mistari yake ya data hulaliana kama mabati ya paa: ukitaka kubadilisha bati moja, lazima uinue na la jirani. Aprili 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red, zinazouzwa kwa seva za nyumbani, ni za aina hiyo.

Mbishi wa mwisho anadhani akiwa na mapacha hahitaji nakala nyingine. Pacha ni mtiifu mno: ukifuta hati ya kiwanja kwa bahati mbaya, naye anaifuta papo hapo. Isitoshe, mapacha wote hulala nyumba moja. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipita bonde la Msimbazi bila kuuliza nani ana jozi ngapi, na waathirika wengi wakahamishiwa viwanja vya Mabwepande. Nakala ya mwisho ihamie mapema, kabla ya maji.

Mwaka 1969, akiwasilisha Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alisema kupanga ni kuchagua. Mchango wangu kwa taifa ni kuongeza idadi. Nunueni mbili mbili, na ya tano mpelekeeni shangazi anayekaa mlimani. Maswali hayapokelewi. Soda zilizopo ni za meza kuu, na meza kuu ni mimi.