Tunakuona, Jirani

Hongera, jirani, kwa taa mpya za mchana za pikapu yako. Uswidi waliamuru magari yawashe taa mchana tangu 1977. Kwao wakati wa baridi jua huchungulia tu, kisha likaenda zake. Umoja wa Ulaya nao ukataka aina mpya za magari madogo zitoke kiwandani nazo kuanzia 2011. Sisi wa Dodoma, ambao jua la saa saba linatukunja uso, tumeongezewa mwanga na hiyo pikapu ya 1989.

Tunakuona, bwana. Hata kabla ya taa tulikuona, kwa ule moshi. Na kabla ya moshi tulikusikia.

Fundi alipaswa kuchukua moto kwenye waya unaoamka ukifungua swichi, aupitishe kwenye fyuzi na rilei. Yeye akaunga moja kwa moja kwenye betri, akapokea chake, akaondoka. Taa zikakesha zikilinda uani. Ndiyo maana kila alfajiri unatugongea tuje kusukuma. Tunakuja, ujirani ni ujirani. Tunasimama huko nyuma, kwenye taa za breki zilizokufa zamani na hadi leo hazijawekewa matanga.