Hela Inayoingia Ukiwa Umelala

Wanaokushawishi ujenge vyumba vya kupangisha wana maneno yao: hela inaingia ukiwa umelala. Hawakuambii kwamba na simu zinaingia ukiwa umelala. Zangu hupendelea saa saba usiku, na nyingi ni za LUKU, umeme wa kulipia kabla.

Nyumba iko Kitunda, Dar es Salaam, ya Kiswahili hasa: korido katikati, vyumba vitatu huku, vitatu kule, uani choo, bafu na karo la kufulia. Mita ni moja. Fundi umeme alisema inatosha, maana wapangaji wa nyumba moja ni ndugu. Yeye mwenyewe anakaa kwake, peke yake, na mita yake.

Wapangaji waliletwa na dalali, mtu mwenye imani isiyo kifani. Alitangaza: dakika tano kutoka lami, maji yapo, maegesho yapo. Dakika tano ni kwa bodaboda isiyoogopa kufa. Maji yapo kweli, kwenye kisima cha jirani. Maegesho ni chini ya mwembe wanakolala mbuzi wa mjumbe. Vyumba vikajaa wiki ileile, naye akachukua kodi ya mwezi mzima kwa kila mpangaji, mbali na elfu kumi ya kuonyesha chumba, bila kuwahi kubeba hata tofali moja. Ukiniuliza mimi, mwekezaji kwenye nyumba ile ni yeye.

Kodi kwetu hulipwa kwa mkupuo, miezi mitatu au sita. Siku ya kupokea unatembea barabarani kifua mbele. Kisha duka la vifaa vya ujenzi linakumbuka deni la mabati, shule inakumbuka ada, na shangazi ambaye hajapiga simu tangu Iddi anauliza hali. Wiki haijaisha umebaki mtumishi wa watu sita waliokulipa mshahara mapema, na mshahara umeshaula. Bawaba imelegea? Baba mwenye nyumba. Shimo la choo limejaa na gari la majitaka halipiti uchochoroni? Baba mwenye nyumba. Mke wa mpangaji mwendesha bodaboda kanuna? Mimi tena, na kanzu yangu.

Lakini yote hayo ni nafuu ukilinganisha na LUKU. Uniti zikikaribia kuisha mita inalia pi, pi, pi, na kila mmoja anajilaza akimsubiri mwenzake aamke. Umeme ukikatika ndipo mazungumzo yanaanza. Mwenye feni moja hataki kuchangia sawa na mwenye friji. Mwenye friji anasema friji yake haina kazi nyingi, ndani mna maji tu. Kuna usiku niliwanunulia mwenyewe ili nilale, nikabaki kuisoma tokeni kwenye simu, tarakimu zote 20, huku mtu anabonyeza gizani na mwingine anamsahihisha.

Tena tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa humohumo kwenye LUKU, wakati ule shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, ila anayekatwa ni aliyenunua umeme. Mama Chapati wa chumba cha kwanza akaifungulia daftari, na haki yake. Tatizo ni kwamba mwezi mmoja elfu moja hiyohiyo nilidaiwa na watu wanne, na wote walikuwa na meseji.

Halafu uniti zikaanza kuisha haraka kuliko kawaida. Mwalimu wa chumba cha tatu akaitisha kikao, akaandika vifaa vya kila mtu ubaoni, yaani kwenye mlango wangu wa choo, kwa chaki. Hesabu ikagoma. Aliyeitatua ni Mama Chapati, kwa pua. Akauliza: fundi cherehani hana mkaa, hana gesi, hana mafuta ya taa, sasa yale maharage ya nazi tunayoyasikia saa tano usiku yanaiva kwa dua? Fundi akajibu huwa anayaloweka tu. Tukaingia chumbani. Chini ya kitanda, nyuma ya gunia la vitambaa, jiko la koili lilikuwa bado jekundu, na sufuria juu yake. Yalikuwa yameiva vizuri, tusimsingizie.

Fundi huyohuyo ndiye aliyenifuata mwezi uliopita, kofia mkononi.

"Shikamoo baba. Kodi yangu imeisha, na mimi sipendi kukusumbua kwa madeni. Nikopeshe laki na ishirini, nikulipe miezi mitatu."

Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Nikamhesabia. Akazipokea kwa mikono miwili, akazihesabu upya, akanirudishia zote, kisha akasimama palepale akingoja risiti. Nikamwandikia.

Jioni mke wangu akauliza kama fundi amelipa.

"Taslimu," nikamwambia.

"Basi lete ya mboga."