Wito Wenye Tiketi ya Ndege

Roho Mtakatifu, kwa jinsi ninavyomfahamu kupitia vikao vya usharika wetu, hapandi basi. Sijawahi kumsikia mtu akisimama wakati wa matangazo na kusema ameoneshwa usiku kwamba aende Kiteto. Wala Simanjiro, wala hapo Kahe tu, ambako kutoka kwetu mlimani Kilimanjaro unateremka kwa daladala na kufika chai ya kwenye chupa ikiwa bado ya moto. Lakini likitoka tangazo kwamba ndugu zetu wa Saxony, Ujerumani, wamewaalika watu sita kwa majuma mawili ya umisheni wa pamoja, watu wanaanza kuota ndoto. Mwaka huu mzee mmoja aliota theluji. Tukamkumbusha kwamba theluji anaiona kila asubuhi akifungua dirisha la jikoni. Akasema hapana, hii ilikuwa na treni.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya maandalizi. Kwa asiyejua, mjumbe wa kamati ya maandalizi ni mtu anayeandaa safari za wengine, anachangia safari za wengine, kisha anakwenda uwanja wa ndege wa KIA kuwapungia mkono hao wengine akiwa amebeba masweta waliyoyavua kwa sababu ya uzito wa mizigo.

Nafasi, kama nilivyosema, zilikuwa sita. Ya kwanza ni ya mchungaji, na hapo sina neno. Lazima awepo mtu wa kuombea chakula. Ya pili ni ya mwenyekiti. Ya tatu ikaenda kwa mweka hazina, kwa kuwa ndiye peke yake anayejua fedha za usharika ziko wapi, na kikao kiliona si vizuri kumwacha nazo peke yake. Ya nne ni ya mwakilishi wa akina mama, ambaye baada ya mjadala mrefu na wa kiroho sana akaonekana kuwa ni mama mchungaji. Ya tano ni ya vijana. Kijana wetu ana watoto wanne, mkubwa yuko kidato cha tatu, na amekuwa kijana tangu enzi za Rais Mkapa. Kila tunapotaka kumpandisha awe mzee anasema bado anajifunza.

Ikabaki ya sita. Barua ya Wajerumani ilikuwa imemtaja mtu mmoja tu kwa wadhifa wake: mwalimu wa kwaya. Walitaka kuimba na sisi. Kikao kikasema suala la mwalimu wa kwaya liangaliwe. Katika usharika wetu jambo likishaangaliwa halionekani tena. Nafasi ya sita akapewa katibu, ambaye ndiye aliyekuwa akiandika muhtasari.

Kisha ikaja michango. Bahasha zilikuwa za rangi tatu, kulingana na uwezo wa muumini, na niliyopewa mimi ilikuwa ya rangi ambayo sikuiomba. Baada ya bahasha ukaja mnada wa mazao baada ya ibada ya pili. Nilipeleka mkungu wa mshare kutoka shambani kwangu, na kwa sababu mnadishaji alikuwa ananitazama mimi tu, niliununua mwenyewe kwa bei ambayo mke wangu hajaambiwa. Mkungu ulirudi nyumbani kwa pikipiki. Nauli ya pikipiki sikuchangiwa.

Tuje kwenye makaratasi, maana hapo ndipo wito unapojaribiwa. Mjerumani anayekuja kwetu anajaza fomu mtandaoni na kulipa dola 50, au analipa akishatua KIA, huku akiuliza choo kiko wapi. Sisi tunapanda basi kutwa nzima hadi Dar es Salaam kwenda kuacha alama za vidole. Ada ya viza ya Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024, nayo hairudi hata ukinyimwa. Taarifa ya benki inatakiwa, na akaunti ya kijana wetu, ambayo kwa kawaida huwa kwenye mfungo, ilinenepa ghafla kwa namna iliyotushangaza hata sisi tuliomfahamu. Inatakiwa bima ya safari yenye kinga isiyopungua yuro 30,000, ya kulipia matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani ukiugua au ukifa. Mwenyekiti akauliza kama ni pamoja na turubai na viti.

Zaidi ya yote, lazima uthibitishe kwamba utarudi. Hili lilituumiza kidogo. Huyo anayeuliza hajui kwamba Mchaga hurudi nyumbani Desemba hata akiwa mwezini. Kihamba chako, shamba la ukoo, hakina hati, lakini kina makaburi ya babu zako watatu, migomba, na ndugu anayesubiri uchelewe kidogo ili ausogeze mpaka. Hakuna dhamana kubwa kuliko ndugu wa namna hiyo, ila fomu haina mahali pa kumwandika.

Mungu ni mwema lakini, na wema wake uliingia kupitia forodha. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria anayetoka huku kuingia na nyama wala maziwa, na matunda karibu yote yanadai cheti cha afya ya mimea. Yaliyosamehewa ni matano: nanasi, nazi, duriani, tende na ndizi. Ndizi! Katibu alipousoma mstari huo kikaoni, watu walipiga makofi. Ajenda ya kupanga zamu za maombi ikasogezwa mbele, tukaanza kupiga hesabu: kilo 23 kwa sanduku, masanduku mawili kwa mtu, watu sita. Ukitoa Biblia na soksi, wajumbe wetu wangeweza kuingia Leipzig na shamba zima.

Walifanyiwa pia semina. Aliyewahi kufika huko aliwaeleza kwamba ibada ikiandikwa saa nne inaanza saa nne, na mahubiri ni dakika kumi na tano. Mchungaji aliinamisha kichwa. Yeye dakika kumi na tano anakuwa bado anasalimia wageni waliotoka mtaa wa pili. Wakaambiwa chakula cha jioni ni mkate baridi na jibini, na kwamba si adhabu, hata wenye nyumba wanakula hivyohivyo. Wakaambiwa wasimsalimie kila mtu kwenye treni, watadhaniwa wanauza kitu.

Nisionekane nawasema wetu tu. Wajerumani nao walikuja kwetu, kundi la vijana (hawa walikuwa vijana kweli), na maandalizi yao nayajua kwa sababu yalituangukia sisi. Walikuwa wamechanja, wana vidonge vya malaria, wana taa za kufunga kichwani kana kwamba wanashuka mgodini. Sisi tulichinja ndafu. Mbuzi mzima, amepambwa majani mdomoni, amebebwa kwa nyimbo hadi mezani. Ndipo kiongozi wao akatunong'oneza kwamba wanne hawali nyama, na mmoja kati ya hao hali hata yai, maziwa wala siagi. Akina mama wa jikoni waliuliza kwa upole kama kuku naye ni nyama. Walipojibiwa, wakauliza kama huyo binti ni mgonjwa. Kilichotuokoa ni kiburu. Ndizi na maharage, basi. Alikula sahani mbili, na ndafu ikabaki kwetu wazee, jambo ambalo sina malalamiko nalo.

Walikuja kujenga tangi la maji la shule. Kwenye kijiji chetu kuna mafundi uashi wanaokaa kijiweni tangu asubuhi wakicheza bao kwa kukosa kazi, nao walikaa palepale wakiwatazama vijana wa chuo wakijifunza kushika mwiko. Jambo kama hili limewahi kupigiwa hesabu kwingine: profesa mmoja anayeishi Honduras, Kurt Ver Beek, alifuatilia nyumba zilizojengwa huko baada ya Kimbunga Mitch cha mwaka 1998. Nyumba iliyojengwa na vikundi vya Wakristo kutoka Amerika Kaskazini, ukihesabu na nauli zao, iligharimu kama dola 30,000. Iliyojengwa na mashirika ya Kikristo ya wenyeji iligharimu kama 2,000. Nilimweleza fundi mmoja wa pale kijiweni hesabu hiyo. Alikaa kimya, kisha akaomba nimwelekeze Honduras.

Siku ya kuagana kijana mmoja alitoa ushuhuda kwamba amejifunza kitu kikubwa: watu hapa hawana kitu, lakini wana furaha. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, mimi nisiye na kitu, na furaha yangu ilitokana na ile ndafu. Kesho yake wakaenda Ngorongoro.

Kinachonishinda kuelewa ni hiki. Vijana wale walitoka Leipzig, jiji ambalo wengi wa wakazi wake hawana kanisa lolote. Miaka 40 ya serikali ya kikomunisti haikupita bure. Walipishana na majirani wasiojua hata Pasaka inahusu nini, wakapanda ndege wakaja kumshuhudia Kristo kwa Wachaga, watu ambao ukirusha jiwe kwenye migomba linagonga paa la kanisa, na likiruka hapo linagonga la Wapentekoste. Na mwaka huu sisi, wenye maeneo ya misheni ambayo mwinjilisti wake ana pikipiki isiyo na tairi la nyuma, tunapishana naye kwenda kwa hao Wajerumani.

Ingekuwa tunakwenda kuhubiri kweli, ningekaa kimya. Deni lipo. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na kama leo kwao makanisa yana viti vitupu, ni haki yetu kurudisha tulichopokea. Ila waliotuletea hawakuja kwa majuma mawili. Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya mlima wetu mwaka 1848 na kuchekwa na wasomi wa London, alifika pwani mwaka 1846 na hakurudi Ujerumani mpaka 1875, akiwa kipofu. Bruno Gutmann alikuja mwaka 1902 na akaondoka kwa mara ya mwisho 1938. Katikati alijifunza Kichaga, akaandika kitabu kizima juu ya sheria za Wachaga, na nina hakika alizomewa na wazee kama mimi katika vikao visivyo na idadi. Hakuna aliyempeleka Ngorongoro.

Ratiba ya wajumbe wetu nimeisoma vizuri. Wataimba, bila mwalimu wa kwaya. Watapanda mti. Watatembelea nyumba ya wazee, kiwanda cha magari na kanisa alilofanyia kazi mtunzi wa muziki Bach. Watahudhuria semina ya mabadiliko ya tabianchi, wao waliofika kwa ndege. Siku ya mwisho imeandikwa mapumziko, na viatu vyote tulivyoagiza vinategemea siku hiyo. Wakirudi watatoa taarifa yenye picha, ndefu kuliko safari, na tutaambiwa kwamba wenzetu wako mbali na treni zao zinakuja kwa dakika. Mwaka unaofuata ni zamu ya Wajerumani. Wanaondoka wageni wazuri, wanarudi wageni wazuri, huku na huko, na mahali pasipo na mhubiri panabaki palepale.

Kama tuna nia, tumpeleke mtu mmoja. Ni yuleyule mwalimu wa kwaya, ambaye barua ilimtaja. Akae miaka mitatu, ajifunze Kijerumani, apitishe Februari mbili au tatu bila jua, azike wazee wao na kuwafundisha watoto wao nyimbo. Nililisema hili kikaoni. Kukawa na ukimya, mtu akaanzisha pambio. Nikaongeza kwamba nauli ya watu sita ingetosha tairi la pikipiki ya mwinjilisti, pamoja na pikipiki nyingine, pamoja na posho yake kwa muda mrefu, na kwamba kama kuna wenye wito mkali usiovumilika, basi Kiteto kuna vijiji vinaomba watu wa kuja kufundisha hata kwa majuma mawili hayohayo. Kikao kikasema pendekezo ni zuri sana na liangaliwe.

Kwa kuwa najua yanakoenda mambo yanayoangaliwa, nimeandaa mwenyewe orodha ya kujiandikisha kwenda Kiteto. Iko katika ofisi ya usharika, juu ya kabati la nyaraka, na kalamu nimeifunga kwa uzi isiondoke. Viza haitakiwi. Bima haitakiwi. Nyama inaruhusiwa, tena kwa Wamasai utaikuta huko huko. Mimi, kama mjumbe wa kamati ya maandalizi, nitashughulikia maandalizi. Wapendwa wenye ndoto, nafasi zote sita bado zipo.